Marekebisho au Mabadiliko? Neno Moja Kwenye Fomu ya Bima ya Gari

Mwenye gari akifika kwa fundi Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, hasemi kwamba anataka marekebisho. Atasema anataka kushusha gari, kuweka rimu pana, kupiga tinti, kuzibua ekzosi, kufunga turbo, kuweka mtungi wa gesi. Kila kazi ina jina lake na jina lenyewe linasema kinachofanyika. Kazi zote hizo kwa pamoja huitwa modifikesheni. Shida inaanza pale modifikesheni inapotakiwa kuandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, kwenye fomu ya kuomba bima au kwenye barua ya kukataa dai. Hapo watafsiri wengi hukimbilia “marekebisho”. Naliona neno hilo kuwa baya mahali hapo, tena baya kwa namna inayoweza kumfanya mtu akose fidia.

Kurekebisha ni kuweka sawa kilichokwenda upande. Breki zinazolia hurekebishwa, hesabu zisizolingana hurekebishwa, taa inayommulika dereva wa mbele hurekebishwa. Tunasema pia marekebisho ya Katiba, na huko neno limebeba maana ya kubadili, lakini hata hapo linadokeza kwamba palikuwa na kasoro na sasa inaondolewa. Sasa chukua swali hili: “Je, gari limefanyiwa marekebisho yoyote?” Aliyetoa shokomzoba zilizokufa akaweka nyingine za aina ile ile atasita, hajui aandike ndiyo au hapana. Aliyekata springi ili gari likae chini, gari ambalo lilikuwa zima kabisa siku alipolipeleka gereji, ataandika hapana wala dhamiri haitamsuta, kwa sababu hakukuwa na kitu kibovu kilichorekebishwa. Wote wawili wamejibu walichoulizwa. Kampuni ya bima ndiyo haikuuliza ilichotaka kujua.

Neno ninalolipendekeza ni “mabadiliko ya gari”, na napendekeza liwekwe pembeni ya “matengenezo” ili mipaka ionekane. Matengenezo hulirudisha gari katika hali liliyotoka nayo kiwandani. Mabadiliko huliondoa katika hali hiyo, hata kama gari linakuwa zuri zaidi, lenye nguvu zaidi au salama zaidi. Kipimo ni kiwanda, si ubora. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani wakiulizwa kuhusu mabadiliko wanatuhumiwa kuharibu gari, kumbe swali halina lawama ndani yake. Kukata springi ni mabadiliko, na kufunga breki bora kuliko za kiwandani ni mabadiliko vilevile.

Kipimo hiki kinafaa hasa kwetu, kwa kuwa magari mengi ya Tanzania na Kenya yamefika kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa tayari na springi fupi au ekzosi isiyo ya kiwandani, kazi ya mtu wa Osaka au Nagoya ambaye hatutamjua kamwe. Mnunuzi husema, “Mimi sijafanya kitu.” Ni kweli, lakini fomu ikitumia neno mabadiliko na kulieleza, swali litahusu gari, halitahusu mikono ya mwenye gari. Huulizwi kama ulibadilisha. Unaulizwa kama gari limebadilishwa, na unajibu kwa kadiri ya unachokijua na kukiona.

Mfano ulio karibu zaidi ni gesi. Dar es Salaam sasa kuna magari na bajaji nyingi zinazotumia gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa sehemu zinazofunga mfumo huo. Fungua buti la gari la namna hiyo. Utaona mtungi wa chuma uliofungwa kwa mikanda, wenye uzito wa makumi ya kilo, na bomba jembamba linalopita chini ya gari hadi mbele kwenye injini. Ndani ya mtungi uliojaa, gesi iko katika mgandamizo wa takribani bar 200, wakati tairi la gari dogo lina bar mbili na kidogo. Tangi la petroli limebaki mahali pake, kwa hiyo gari linaweza kutembea kwa nishati zote mbili. Kazi ikifanywa na fundi mwenye idhini, kwa mtungi uliopimwa, ni kazi halali na yenye manufaa: mwenye gari anaokoa fedha za mafuta kila siku. Hata hivyo gari hilo si lile lililoelezwa kwenye bima. Thamani yake imepanda kwa gharama ya mfumo mzima, uzito wa nyuma umeongezeka, na namna linavyoweza kushika moto imebadilika. Kampuni ya bima inaweza kulikubali bila kuongeza hata shilingi, au ikataka kuona cheti cha ufungaji, au ikaongeza ada. Uamuzi huo ni wake, lakini hawezi kuufanya asiyeambiwa.

Kutoka hapo tunafika kwenye istilahi ya pili, ile inayoamua kesi. Wanasheria huita “taarifa muhimu” jambo ambalo mwomba bima analazimika kulisema. Mimi napenda zaidi “taarifa yenye uzito”. Muhimu humfanya mtu ajiulize: muhimu kwa nani? Kwangu mimi rimu ni pambo tu. Uzito unakupeleka kwenye mizani, na mizani inayotumika hapa si yako. Sheria ya Uingereza ya Bima za Baharini ya mwaka 1906, ambayo maneno yake yameathiri bima za kila aina, ilisema jambo lina uzito likiwa lingeathiri maamuzi ya mtoa bima mwenye busara anapopanga ada au anapoamua kama aubebe mzigo huo au auache. Haikusema kwamba lazima jambo hilo liwe ndilo lililosababisha hasara. Hapo ndipo watu wanapopigwa na butwaa. Gari lililoshushwa linaibwa usiku likiwa limeegeshwa, na mwenyewe anauliza springi zinahusiana vipi na wizi. Jibu ni kwamba swali halikuwa kuhusu wizi. Swali ni kama mtoa bima, angejua, angekubali kwa ada ile ile.

Chimbuko la kanuni hii liko mbali na magari. Mwaka 1766 Jaji Mansfield aliamua huko London kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Marlborough, kituo cha biashara cha Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, naye alikatia bima hatari ya ngome kutekwa na adui wa Ulaya. Wafaransa waliiteka mwaka 1760. Boehm, aliyetoa bima, akagoma kulipa akidai gavana alificha udhaifu wa ngome. Mansfield alieleza kwamba bima inajengwa juu ya mambo ambayo mara nyingi yanajulikana na upande mmoja tu, kwa hiyo upande huo usifiche kitu. Maelezo hayo ndiyo yanayotajwa hadi leo. Kinachosahaulika ni kwamba Carter alishinda. Mtoa bima alijua, au aliweza kujua akiwa London, ngome ile ilikuwa ya namna gani na vita vilikuwa vikiendeleaje. Wajibu wa uaminifu ulimfunga naye pia. Kwa mwenye gari wa leo hili ni jambo kubwa: wakala wa bima akilikagua gari, akapiga picha mtungi ulioko kwenye buti na kuziweka kwenye faili, kampuni yake itapata taabu kusimama baadaye na kusema haikujua.

Istilahi ya tatu ni kitendo chenyewe cha kampuni kuukana mkataba. Magazeti husema bima “imefutwa”, na neno hilo linachanganya mambo mawili yasiyofanana kabisa. Kuna kusitisha bima: kuanzia leo hatukulindi tena, lakini ya jana yanabaki kuwa yetu. Na kuna kubatilisha bima, ambako mkataba unahesabiwa haukuwahi kuwepo tangu siku ya kwanza. Tofauti yake ni ile ya talaka na ndoa batili: talaka inamaliza ndoa iliyokuwepo, ndoa batili haikuwa ndoa. Kuficha taarifa yenye uzito kunampa mtoa bima haki ya kubatilisha. Asipothibitisha udanganyifu, kwa kawaida hurudisha ada, na mwenye gari anabaki na laki chache mkononi na gari lililosagika. Watafsiri wa mikataba wasiyachanganye maneno haya mawili hata mara moja.

Mabadiliko yaliyofanywa katikati ya mwaka yana njia yake. Wajibu wa kueleza unakubana hasa unapoomba bima na kila unapoihuisha, kwani kila kuhuisha ni mkataba mpya. Katikati hapo kinachokubana ni sharti la mkataba wenyewe, na mikataba mingi ina sharti la kutoa taarifa gari linapobadilishwa. Lisome lako. Kisha kuna kadi ya gari. Injini mpya au rangi mpya ni lazima viandikishwe, Tanzania kwa mamlaka ya mapato, TRA, na Kenya kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, maana gari lisilofanana na kadi yake lina matatizo ya kisheria kabla hata bima haijaulizwa. Vimulimuli na ving’ora kwenye magari ya watu binafsi sina haja ya kuvijadili. Hivyo haviruhusiwi.

Na aliyegongwa je? Mpita njia aliyevunjika mguu hajui lolote kuhusu springi za gari lililomgonga. Kwa ajili yake ndiyo ikawekwa bima ya lazima kwa mtu wa tatu, ile ambayo Tanzania tunaiita bima ndogo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inasema masharti ya mkataba yanayobana bima kwa kutazama hali ya gari, idadi ya abiria, nguvu ya injini au vifaa vilivyofungwa hayana nguvu dhidi ya mtu huyo. Kampuni inamlipa majeruhi, kisha inaweza kumgeukia mwenye gari na kumdai ilichotoa. Sheria hiyo hiyo imeacha mlango mmoja: kampuni ikifungua shauri kabla ya kesi ya majeruhi kuanza, au ndani ya miezi mitatu baada ya kuanza, na mahakama ikatamka kwamba ina haki ya kubatilisha bima kwa sababu ya taarifa yenye uzito iliyofichwa, hailazimiki kulipa. Hapo majeruhi anabaki na mwenye gari peke yake, na mara nyingi mwenye gari hana kitu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kuficha mabadiliko ni siri kati ya mtu na kampuni yake ya bima.

Mwenye bima kubwa, ile inayolinda na gari lake mwenyewe, ana hasara nyingine, ya kimya zaidi. Hata mkataba ukibaki hai, fidia hufuata kilichoandikwa. Rimu za milioni mbili zikiibwa na hazikutajwa popote, kampuni itahesabu rimu za kiwandani.

Uingereza yenyewe imeilegeza kanuni yake kwa watu binafsi. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2012, mlaji hatakiwi tena kubahatisha nini kina uzito. Mtoa bima ndiye anayepaswa kuuliza kwa uwazi, na mlaji anatakiwa kuwa makini asijibu visivyo kweli. Akikosea kwa uzembe bila kudanganya, adhabu inalingana na kosa. Tuseme ulilipa ada ya 600,000, na kwa ukweli wote ungelipa 800,000. Umelipa robo tatu, basi utafidiwa robo tatu ya hasara. Naiona hii kuwa haki kuliko kanuni ya yote au hakuna, ambayo bado ndiyo msingi wa mikataba mingi ya kwetu, na ningependa wabunge wa Dodoma na Nairobi waitazame.

Lakini sheria ya kumtaka mtoa bima aulize haitasaidia kama swali lenyewe halieleweki. Kwa hiyo naziomba kampuni za bima, pamoja na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania inayozisimamia, waandike swali hili kwa Kiswahili ambacho dereva wa bajaji atakielewa akiwa amesimama kaunta: “Je, gari lina kitu chochote kisichofanana na lilivyotoka kiwandani, kama vile injini, springi, rimu, ekzosi, vioo, taa, viti au mfumo wa gesi? Taja hata kama hukukifunga wewe.” Nawe mwenye gari, usingoje fomu ibadilike. Kabla ya kuhuisha bima yako, andika barua fupi ya kutaja kila kilichobadilishwa, ambatisha risiti ya fundi na cheti cha mtungi kama upo, na usiondoke bila jibu la maandishi lenye muhuri.