Kadi Ndogo Ndani ya Pakiti ya Chai

Watu wengi hudhani kwamba historia hupatikana katika mikataba ya wafalme, sheria za serikali na barua za magavana peke yake. Dhana hiyo ina ukweli, walakini si ukweli wote. Vitu vidogo vilivyonunuliwa kwa senti chache, vikachezewa na watoto, kisha vikatupwa, navyo ni mashahidi. Nataka, msomaji, tumhoji pamoja shahidi mmoja wa namna hiyo, yaani kadi ya picha iliyotiwa ndani ya pakiti ya majani ya chai. Kama umezaliwa Kericho au Bomet, shahidi huyu ana habari za kwenu, ijapokuwa huenda hujapata kumwona.

Desturi ya kutia picha katika bidhaa ilienea kwa njia ya sigara. Katika karne ya 19, makampuni ya Marekani na Uingereza yalitia karatasi ngumu katika pakiti ili sigara zisipondeke. Baadaye karatasi hizo zilipigwa chapa picha zenye namba, na wateja wakarudi kununua ili wakamilishe mfululizo. Marekani watoto nao walipata zao: kadi zilizouzwa pamoja na chingamu, na picha za kubandika zilizotolewa na mashine kwa sarafu. Nyingine zilionyesha wachezaji wa besiboli, nyingine mazimwi ya sinema.

Uingereza kadi za sigara zilikoma mwaka 1940, kwa kuwa vita vilileta upungufu wa karatasi. Vita vilipokwisha, kampuni ya chai ya Brooke Bond, ambayo ilianzishwa na Arthur Brooke mjini Manchester mwaka 1869, iliufufua mchezo huo. Mwaka 1954 ilitoa kadi 20 za ndege wa Uingereza. Upande mmoja ulikuwa na picha, na upande wa pili maelezo. Mtoto aliyepata namba moja mara mbili alibadilishana na mwenzake shuleni, kisha akazibandika kadi zake katika kitabu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Aliyepungukiwa na kadi moja alimhimiza mama yake anunue chai ile ile wala si nyingine. Basi unaona kwamba kampuni haikugawa picha kwa ukarimu mtupu.

Mwaka 1961 ulitoka mfululizo wa kadi 50 za wanyama wa Afrika, waliochorwa na Charles Tunnicliffe, fundi mashuhuri wa kuchora ndege na wanyama. Mtoto wa Manchester aliweza kujifunza habari za wanyama wa bara letu huku akinywa chai ya jioni. Hilo lilikuwa jambo jema, na hatuna sababu ya kumlaumu mtoto wala mchoraji.

Lakini shahidi haulizwi tu aliyoyasema. Huulizwa pia aliyoyanyamazia. Kadi ilieleza habari za wanyama. Chai yenyewe ilitoka wapi, na ilichumwa na nani?

Chai ya Uingereza ilichanganywa kutoka nchi mbalimbali: India, kisiwa cha Ceylon ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, na Afrika Mashariki pia. Kericho ilikuwa mojawapo ya chemchemi zake. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliitwaa sehemu kubwa yake, na mwaka 1919 ikatenga ekari 25,000 kwa maofisa Waingereza waliolemazwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapate kulima kitani. Bei ya kitani ilianguka, na mradi ule ukavunjika. Hata hivyo ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay yakiwa mbele, yaliingia na kupanda mashamba makubwa. Mwaka 1934 jamaa za ukoo wa Talai, ambao ndio waliotoa viongozi wa dini wa Wakipsigis, ziliondolewa kwa nguvu na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Nyuma ya kadi hukuti neno hata moja la habari hizi.

Sasa ilinganishe kadi ile na karatasi nyingine. Tangu mwisho wa Vita vya Kwanza hadi mwaka 1947, kila mwanamume Mwafrika nchini Kenya aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Hiyo ilikuwa hati yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake, na aghalabu aliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Aliyekutwa bila kipande aliadhibiwa. Mchumaji wa chai alikichukua kipande chake kwa sheria; miaka 7 baada ya kipande kufutwa, mtoto wa mnywaji wa chai alianza kukusanya kadi zake kwa furaha. Ukiisoma moja tu kati ya karatasi hizi mbili, umesoma nusu ya historia ya kikombe cha chai.

Kadi za Brooke Bond zilikoma mwaka 1999. Leo wakusanyaji huziuza na kuzinunua, na zimehifadhiwa vizuri, kwa sababu wenyewe walizipenda wakazitunza. Je, karatasi za babu zetu zimehifadhiwa hivyo? Huenda nyumbani kwenu iko stakabadhi ya mizani ya majani mabichi, kadi ya kazi ya shamba, picha ya bibi akiwa na kikapu mgongoni, au kipande chenyewe ndani ya bati lililoshika kutu. Usikubali karatasi hizo ziwashie moto jikoni. Ziweke mahali pakavu, na katika daftari yako uandike ni za nani, za mwaka gani, na mwenyewe alisema nini juu yake. Fanya hivyo maadamu wazee wako hai wa kukueleza, kwa maana karatasi isiyo na maelezo ni shahidi aliye bubu. Mtoto wa Manchester alikusanya ili akamilishe namba 50. Wewe kusanya ili ukamilishe habari ambayo kadi yake haikuisema.