Mtutu Wenye Pembe Sita

Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanda wa Wimbledon nje kidogo ya London, Malkia Victoria alivuta uzi wa hariri. Uzi ulifungwa kwenye kifyatulio cha bunduki iliyokazwa juu ya kiegemeo, ikiwa imekwisha kulengwa. Risasi ilitua inchi moja na robo tu kutoka kitovu cha shabaha iliyokuwa yadi 400 mbele. Mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki yakawa yamefunguliwa. Sifa, kusema kweli, hazikuwa za Malkia. Zilikuwa za Joseph Whitworth, aliyeibuni bunduki hiyo, fundi mashine wa Manchester, ambaye hadi miaka sita nyuma alijulikana kwa skurubu na vipimo, si kwa silaha.

Kabla yake, unyoofu wa mtutu uliamuliwa kwa jicho. Bamba la chuma lilikunjwa na kuungwa kwa moto, kisha tundu likakerezwa na kung'arishwa. Fundi wa kunyoosha aliuelekeza mtutu dirishani akachungulia: mstari wa dirisha ulionekana kama kivuli kwenye ukuta wa ndani. Kivuli kikinyooka, mtutu umenyooka; kikipinda mahali, hapo ndipo pa kugonga nyundo. Ilikuwa kazi ya watu wachache wenye jicho kali, na heshima waliyopewa viwandani waliistahili.

Lakini jicho lina mpaka wake. Chuma kilichonyooshwa kwa nyundo hubaki na mkazo ndani, na kikipata joto kwa risasi nyingi huweza kurudia upinde wake. Tena unyoofu peke yake hautoshi. Mtutu uliopinda kidogo unaweza kupiga mahali palepale kila mara. Mpigaji hurekebisha kilengeo akaendelea. Hatari ni ule ambao tundu lake ni pana hapa na jembamba pale, kwa sababu hakuna risasi mbili zinazotoka sawa. Kasoro ya namna hiyo huhitaji kipimo, na Whitworth alikuwa mtu wa vipimo. Mashine aliyoionesha kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 ilitambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi.

Mwaka 1854, vita vya Crimea vikiendelea, serikali ya Uingereza ilimwendea ikitaka mashine za kutengenezea bunduki za jeshi lake, za aina ya Enfield, kwa wingi. Alijibu kwamba kwanza lazima ijulikane mtutu mzuri ni upi, mashine zitafuata. Serikali ikagharamia banda la kulengea shabaha, urefu wa yadi 500, kwenye makazi yake Rusholme. Dhoruba ikalibomoa. Likajengwa upya, na mwaka 1855 majaribio yakaanza. Ndani ya banda upepo haukusumbua. Karatasi nyembamba zilitundikwa kwa kufuatana, na risasi ilipozitoboa, njia yake yote ikasomeka tundu baada ya tundu.

Gobori lililojulikana sana pwani ya Afrika Mashariki karne hiyo lilikuwa na tundu laini, na risasi yake ya duara ilitoka ikiyumba. Bunduki yenye mifereji huizungusha risasi kama pia, ndipo inashika njia. Swali lilikuwa izungushwe kwa kasi gani. Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa na mifereji mitatu iliyozunguka mara moja katika inchi 78. Whitworth alijaribu mizunguko mingi, hadi ule wa kupindukia wa mzunguko mmoja kwa kila inchi, akaishia kwenye mzunguko mmoja kwa inchi 20. Tundu akalipunguza kutoka inchi 0.577 hadi 0.451, akalifanya liwe na pembe sita badala ya mifereji. Risasi ilibaki na uzito uleule, takriban gramu 34, ila sasa ilikuwa nyembamba na ndefu, ikipasua hewa vizuri zaidi.

Mwaka 1857 bunduki hizo mbili zilishindanishwa huko Hythe. Kwa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa inchi 27 hivi. Za Whitworth, chini ya inchi tano. Kwa yadi 1,400 Enfield haikuwa na matokeo ya kuandikwa, na Whitworth bado ilikuwa inapiga shabaha.

Hata hivyo jeshi liliikataa. Bei yake ilikuwa karibu mara nne ya Enfield, na tundu lile jembamba lilijaa masizi ya baruti upesi, hata kushindilia risasi kukawa kazi. Uamuzi huo huchekwa siku hizi, lakini askari wa mstari wa mbele huhitaji bunduki inayojazwa haraka, risasi ya ishirini kama ya kwanza.

Walioithamini walikuwa wadunguaji wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliopata chache kwa magendo ya baharini. Kifo cha Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini, aliyepigwa risasi huko Spotsylvania tarehe 9 Mei 1864 akiwa ametoka tu kuwatania askari wake kwamba kwa umbali ule adui hawezi kumpata hata tembo, kwa kawaida huhusishwa na bunduki hiyo.

Pembe sita zenyewe hazikudumu. Vipimo ndivyo vilivyodumu. Mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilipokea Martini-Henry, yenye mtutu wa Alexander Henry wa Edinburgh: tundu la inchi 0.45, pande saba, mzunguko mmoja kwa inchi 22.