Anya na Unya: Ukoo Katika Majina ya Singida

Chukua orodha ya kata za Manispaa ya Singida uisome kwa sauti: Unyambwa, Unyamikumbi, Unyianga. Vuka uende Ikungi, utaikuta Unyahati. Msafiri wa Dodoma au Mwanza huyasikia kama majina ya vituo vya basi tu. Kumbe yameshika jibu la swali ambalo wazee wa huku walianza nalo kwa kila mgeni: wewe ni wa watu gani?

Kiungo chenyewe ni -nya-. Kikitanguliwa na A- kinataja watu, kikitanguliwa na U- kinataja nchi yao. Anya-fulani ndio wenyewe, na Unya-fulani ndipo walipojenga matembe yao na kulima. Kiungo hiki hakijali ukubwa wa kundi. Unyanyembe ya Tabora, ambako misafara ya pwani ilipumzika, imejengwa vivyo hivyo, na Unyamwezi yote pia. Iramba ikatoa Wanyiramba, Isanzu ikatoa Wanyisanzu. Kwa hiyo mtu anayedhani "Wanyaturu" ni aina tofauti kabisa ya jina na jina la ukoo mdogo wa kijijini anajidanganya: ni kiungo kilekile, kimetanuliwa tu.

Na hao Wanyaturu wenyewe hujiita Arimi, lugha yao Kirimi. Afisa wa Kijerumani Eberhard von Sick, alipochapisha utafiti wake mwaka 1915, ilimbidi aweke majina yote mawili kwenye kichwa cha habari, Waniaturu na Walimi. Ndani yao mna Wahi, Airwana na Anyamunyinganyi, na chini ya hapo ndipo koo zinapoanza. Hapakuwa na mtemi mmoja wa Warimi wote. Mambo ya ardhi, mahari na kesi za ng'ombe yalimalizwa na wazee wa ukoo na majirani.

Kaskazini, kwa Wanyisanzu wa Mkalama, mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo penye utamu. Wao husema asili yao ni Ukerewe, kisiwani. Ukoo wa utawala ni Anyampanda, makao yake Kirumi, na ndio walioshika mvua. Watawala walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wote wa ukoo huohuo, kwa sababu mvua haikuaminiwa kunyesha kwa jinsia moja. Lakini ukoo ulifuata mama. Mtemi mwanamume wa Anyampanda alioa nje ya ukoo wake, kama kila mtu, na watoto aliowazaa hawakuwa Anyampanda. Walikuwa wa ukoo wa mama yao. Kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada. Karani wa boma aliyezoea kuandika "fulani bin fulani" aliliandika jina la baba akadhani ameandika ukoo, kumbe alichoandika hakikumsaidia kumjua mrithi.

Kiswahili nacho kina neno koo, mnyama jike aliyekwisha zaa: koo la mbuzi, koo la kuku. Mimi huona vigumu kulisikia neno ukoo bila kumkumbuka huyo mama. Pwani wana pia mlango, yaani tawi la ukoo, na tumbo, watoto wa mama mmoja. Kabila tulilipata kwa Waarabu, na maana yake kwao ilikuwa ya nasaba hasa.

Aliyeligeuza kabila kuwa dude kubwa la kiserikali ni mkoloni. Waingereza walipoanza kutawala kupitia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926, walitaka kila wilaya iwe na makabila yenye mipaka na kila kabila liwe na mkubwa wake. Kwa Wanyisanzu walimkuta mtemi, wakamtumia huku wakimsahau mwenzake wa kike. Kwa Warimi ilibidi machifu wapandishwe juu ya koo ambazo hazikuwahi kumtii mtu mmoja.

Uchifu ulifutwa baada ya uhuru, mwaka 1963. Mwaka huohuo Singida ikawa mkoa, na serikali ikatangaza sheria ya mila iliyounganishwa, iliyoandikwa kwa jamii zinazofuata upande wa baba. Watu wa upande wa mama hawakuwamo. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na familia za koo mbalimbali zikapangwa kando ya barabara moja. Leo mtu anaweza kuishi Unyambwa bila kuwa na babu hata mmoja wa huko.

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kutoa takwimu za makabila. Serikali haihesabu tena Wanyaturu wala Wanyiramba, na sioni hasara. Lakini halmashauri hugawa kata kila baada ya miaka kadhaa, na kata mpya hutafutiwa jina. Madiwani wa Singida, kabla hamjaandika Majengo nyingine, waulizeni kwanza wazee wa pale: hapa ni Unya-nani?