Longech: Habari na Huduma Kando ya Ziwa Turkana

Katika masomo ya historia tumezoea kusoma habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini, msomaji, iko historia nyingine ambayo yafaa kusomwa kwa bidii ileile, nayo ni historia ya maji ya kunywa, barabara, zahanati, shule na habari. Ni historia ya namna watu wa mahali fulani walivyohudumiwa, au walivyoachwa bila kuhudumiwa. Na ya namna walivyoulizwa shauri, au walivyoamuliwa mambo bila kuulizwa. Historia hiyo twaweza kuisoma vizuri sana katika mahali padogo paitwapo Longech.

Fungua ramani ya Kenya utazame upande wa kaskazini magharibi. Utauona mji wa Lodwar, na upande wa kaskazini mashariki wake, mwendo wa kilomita zipatazo 60, utaukuta mji mdogo wa Kalokol. Mbele ya Kalokol iko Ghuba ya Ferguson, na kati ya ghuba hiyo na ziwa lenyewe umelala ulimi mrefu wa mchanga. Huo ndio Longech. Ziwa lake ni Ziwa Turkana, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani yasiyokauka. Hadi mwaka 1975 liliitwa Ziwa Rudolf, jina walilolipa wasafiri Teleki na von Höhnel mwaka 1888 kwa kumheshimu mwana wa mfalme wa nchi yao. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, wala hakuna mto unaoyatoa. Kwa sababu hiyo maji yamejaa magadi, na mtu aweza kukaa ufukweni akitazama maji hata upeo wa macho, na bado akalala na kiu.

Waturkana tangu zamani ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Maisha yao ni ya kufuata mvua na majani. Usidhani kwamba watu wa namna hiyo waliishi bila habari. Mfugaji ahitaji habari kuliko mtu mwingine yeyote: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kimekauka, ugonjwa gani umeingia katika mbuzi, adui ameonekana njia gani. Akikosea katika mambo hayo, mali yake yote hupotea kwa majuma machache. Ndiyo maana mgeni alipofika kwenye maboma hakuachwa akae kimya, bali aliulizwa habari za kule atokako, na wanaume walikusanyika chini ya mti kuzipima habari hizo na kukata shauri. Mti ule ulikuwa baraza lao, mahakama yao na, kwa namna yake, gazeti lao. Hata miaka waliihesabu kwa habari zake. Ule ukame wa kati ya mwaka 1979 na 1981 wao huuita Lopiar, yaani ule uliofagia, kwa kuwa ulifagia mifugo ikaisha.

Serikali ya Waingereza ilipokuja haikuja na huduma; ilikuja na bunduki. Mwaka 1918 jeshi lililoitwa Labur Patrol lilipelekwa kuwavunja nguvu Waturkana, na maelfu kwa maelfu ya mifugo yao yakachukuliwa. Baada ya hapo nchi yao ikafanywa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na mambo ya ndani hayakutoka ila kwa taabu. Shule zilikuwa chache mno, na hospitali vivyo hivyo.

Umbali huo serikali ya kikoloni iliutumia kama ukuta wa gereza. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walipelekwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana. Na kuanzia mwaka 1959 Kenyatta akawekwa Lodwar, hata alipohamishiwa Maralal mwezi wa Aprili 1961. Kwa nini hasa Turkana? Kwa sababu watawala waliamini kuwa sauti ya mtu aliyewekwa huko haitasikika Nairobi. Walikosea, kwani jina la Kenyatta lilizidi kutajwa katika mikutano ya hadhara nchini kote. Lakini angalia jambo hili: nchi iliyofaa kumficha kiongozi asisikike ilifaa pia kuficha njaa ya wenyeji wake isijulikane.

Mwaka 1961 njaa hiyo haikufichika tena. Ukame uliua mifugo mingi, na watu wasiokuwa na kitu walikusanywa katika makambi ya chakula cha msaada. Ndipo serikali ilipoona kwamba ziwa lina samaki, na baadhi ya watu hao wakapelekwa Ghuba ya Ferguson wafundishwe kuvua kwa nyavu. Si kwamba Waturkana hawakujua uvuvi kabisa. Waliokaa karibu na ziwa walikuwa wakivua kwa mikuki na matenga. Lakini kuvua kwa nyavu, kwa kuuza, na kwa kuishi mahali pamoja mwaka mzima, hayo yalikuwa mapya. Katika miaka ya 1960 wavuvi wakawa na chama chao cha ushirika. Watu waliojua kuhama wakajifunza kukaa. Na palipo na watu wakaao pamoja, hapana budi pawe na shule, zahanati, maji safi, soko na mtu wa kuamua magomvi.

Samaki walipatikana kwa wingi sana. Mwaka 1976 waliovuliwa katika ziwa lile walizidi tani 15,000, na wengi wao walikuwa ngege wa Ghuba ya Ferguson. Wafadhili kutoka Norway, waliokuwa wakisaidia uvuvi huo, wakaona kwamba yafaa kujengwa kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki pale Kalokol, ili minofu isafirishwe mbali. Kiwanda kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa gharama ipatayo dola milioni 22 za Marekani pamoja na kazi zilizofungamana nacho. Kilifanya kazi ya kugandisha kwa siku chache tu, kisha kikafungwa. Mitambo ya baridi ilidai umeme mwingi na maji safi mengi, na hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa adimu kuliko vyote katika nchi ile. Tena, katikati ya miaka ya 1980, maji ya ziwa yalishuka na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Mahali palipokuwa na mashua, watu walipita kwa miguu. Mwaka 1990 Kenya na Norway zilivunja uhusiano wa kibalozi, na wafadhili wakaondoka.

Watu wengi waliosimulia jambo hili wamelisimulia kama kichekesho cha wageni waliotaka kuwageuza wafugaji kuwa wavuvi. Mimi nakusihi, msomaji, usicheke upesi. Kwanza, Waturkana walivua, na hata leo huvua. Pili, Wanorway haohao walisaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar, na barabara hiyo ilileta nafaka, dawa, walimu na magazeti. Basi kwa nini barabara ilifaa na kiwanda hakikufaa? Barabara hutumiwa na kila mtu kwa namna aijuayo mwenyewe: mchuuzi, mgonjwa, mwanafunzi, mwenye mbuzi wa kuuza. Kiwanda chaweza kutumika kwa njia moja tu, na njia hiyo waliichagua watu ambao hawakuwahi kuliona ziwa likikauka. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee wa ufukweni walijua kwamba maji ya ghuba huja na kuondoka. Habari hiyo ilikuwako, ila haikutafutwa. Na wanawake wa Longech waliendelea kukausha samaki kwa jua na chumvi, kazi isiyohitaji umeme wala maji safi, na samaki hao wakauzwa hata nje ya Kenya, mpaka Kongo.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Turkana peke yake. Katika nchi ya barafu, kaskazini ya Kanada, wako watu waitwao Wainuit, ambao zamani waliishi kwa kuwinda na kuhama kama Waturkana wahamavyo na mifugo. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha jamaa kadhaa za Wainuit kutoka Inukjuak hadi Grise Fiord na Resolute, mbali sana kaskazini, kwenye baridi kali na giza la miezi mingi ambalo hawakulizoea. Jamaa hao waliteseka sana, na serikali iliwaomba radhi mwaka 2010, miaka 57 baadaye. Baadaye tena, televisheni ilipotaka kuletwa katika kijiji cha Igloolik, wenyeji walipiga kura wakaikataa, mwaka 1975 na tena mwaka 1979, kwa kuwa hapakuwa na vipindi katika lugha yao. Hawakuwa maadui wa maendeleo. Walihofu watoto wao wasije wakasikia kila sauti ya dunia isipokuwa ya wazazi wao. Waliikubali katika miaka ya 1980, baada ya Wainuit kupata shirika lao wenyewe la utangazaji. Na tarehe 1 Aprili 1999 walipata jimbo lao liitwalo Nunavut.

Sasa turudi kwetu. Kwa miaka mingi sauti ya redio iliyosikika Turkana ilitoka Nairobi, na sehemu kubwa ilikuwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Bibi wa Longech asiyepata kusoma aliweza kuusikia muziki, lakini tangazo la chanjo lilimpita. Leo hali ni nyingine. Lodwar ina Redio Akicha, inayotangaza pia kwa Kiturkana. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, KANERE, mwaka 2008. Iko pia redio ya jamii iitwayo Ata Nayeche, kwa jina la bibi yule wa hadithi za asili ambaye Waturkana humtaja katika habari za kuja kwao kutoka Uganda. Redio hiyo husikilizwa na wenyeji na wakimbizi pamoja. Faida yake si ndogo. Kwa muda mrefu wenyeji wa Kakuma walinung'unika kwamba mgeni kambini hupata maji na matibabu, naye mwenye nchi hutazama tu. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yalikusudiwa kuwahudumia wote wawili kwa shule na zahanati zilezile. Watu wanaosikiliza habari moja huweza kubishana juu ya jambo moja, na wakibishana kwa maneno hawana haja ya kupigana kwa mawe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka serikali za kaunti, na mwaka 2013 Turkana ikamchagua gavana wake wa kwanza, Josphat Nanok. Tangu hapo afya ya watu, pamoja na huduma nyingine nyingi, husimamiwa Lodwar wala si Nairobi. Katiba hiyo, katika kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hizi ni hatua kubwa. Lakini haki iliyoandikwa ni kama jembe jipya ghalani: halilimi lenyewe.

Nao watu wa Longech wana mambo makubwa ya kuuliza. Juu ya mto Omo Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III mwaka 2016, na wakazi wengi wa ufukweni walilalamika kwamba hawakushauriwa, ilhali ndio wanaoyatumia maji yafikayo mwisho. Kisha, kuanzia mwaka 2020 hivi, ziwa lilipanda badala ya kushuka, likameza nyumba na miti kwenye fukwe za Kalokol, na baadhi ya watu wakalazimika kuhama. Je, shule ijengwe ufukweni au juu ya mchanga wa mbali? Zahanati iwe ng'ambo ipi, ikiwa mgonjwa huvushwa kwa mashua? Mhandisi peke yake hawezi kujibu, wala mzee peke yake hawezi. Mmoja anajua vipimo, mwingine anajua ziwa lilifika wapi alipokuwa kijana.

Hapo ndipo ilipo kazi yako, wewe unayesoma. Wewe ni wa kwanza katika jamaa nyingi kuweza kusoma ripoti ya serikali na papo hapo kumwelewa nyanya yako asemapo kwa lugha yake. Mtu wa namna hiyo ni daraja, na ziwa lile limegharimu watu sana kwa kukosa daraja. Anza na jambo dogo. Uliza kisima cha kijiji chako kilichimbwa mwaka gani, na nani, na ni nani aliyechagua mahali pale. Uliza maji yalifika wapi katika mwaka wa mafuriko makubwa. Andika majibu pamoja na tarehe zake, kisha uyasome mbele ya wale waliokueleza, wapate kukusahihisha. Siku kamati itakapokuja kutaka kujenga, jitokeze na daftari lako.