Baada ya Upasuaji wa Uvimbe wa Ubongo: Kusahau Si Ukaidi, Wala Si Jini

Mgonjwa amerudi nyumbani Bondeni, Nakuru. Kidonda kimepona na majirani wanamshukuru Mungu. Wiki chache baadaye anauliza swali moja mara tatu, anasahau sufuria motoni, anafoka kwa jambo dogo. Jamaa wa Mombasa wanapigiwa simu, na minong'ono inaanza: amechezewa, amepandwa na jini, amekuwa mvivu. Kabla ya kufika huko, tuelewe kinachotokea.

Kwa nini hutokea

Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Ya mbele hupanga mambo na kuzuia hasira. Ya ubavuni, hasa upande wa kushoto, hushika maneno na majina. Ndani yake kuna kijisehemu kinachohifadhi matukio mapya. Uvimbe wenyewe huweza kuharibu sehemu hizi kabla hata ya kisu. Kisha huja kuvimba kwa ubongo baada ya upasuaji, mionzi, dawa za kifafa, uchovu, kukosa usingizi na huzuni.

Mfano mashuhuri ni Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953 alitolewa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, ili kutibu kifafa. Kifafa kilipungua, lakini hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Hata hivyo alizungumza vizuri na akili yake ilikuwa timamu. Basi mtu kuongea sawasawa si ushahidi kwamba anajifanya kusahau.

Je, yatapita?

Yanayotokana na kuvimba na dawa mara nyingi hupungua kwa wiki au miezi. Mengine hubaki. Athari za mionzi huweza kujitokeza miezi au hata miaka baadaye.

Nyumba ifanye nini

Wagonjwa wengi wa Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil hupelekwa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, takriban kilomita 160 kutoka Nakuru, au Hospitali ya Moi, Eldoret. Daktari humwona mgonjwa dakika chache. Nyinyi mnamwona kutwa. Andikeni mabadiliko kwenye daftari, pamoja na tarehe, mwende nalo kliniki. Ombeni pia apimwe kumbukumbu na aonwe na wataalamu wa kumrudisha katika shughuli za kila siku.

Mwambieni jambo moja kwa wakati. Vitu viwe na mahali pamoja. Simu ilie saa ya dawa. Asipike peke yake mwanzoni, na asiendeshe gari wala bodaboda mpaka daktari aruhusu. Asiharakishwe kutia sahihi karatasi za shamba au mkopo, na namba yake ya siri ya M-Pesa isiwe ya kila mpwa.

Dawa za kifafa na za kupunguza uvimbe zisikatwe ghafla, hata kama mnadhani ndizo zinazomchanganya. Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari kabla ya mgonjwa kufunga.

Mrudisheni hospitali haraka akipata kifafa, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, homa, udhaifu wa upande mmoja, kidonda kuvuja au kuchanganyikiwa ghafla.

Ibada yake

Wengi huumia zaidi wanaposahau rakaa. Dini imeliona hilo: mwenye shaka kama ni tatu au nne hushika tatu, akamilishe, kisha asujudu sijida mbili za kusahau. Shaka ikimwandama kila sala, amuulize sheikh wake, asiache kusali kwa aibu. Na aliyepotewa na akili kabisa, dhima imeondolewa juu yake.

Dua na ruqya zina nafasi yake, lakini hazichukui nafasi ya kliniki. Madhara makubwa ni pale mgonjwa anapozungushwa kwa waganga huku uvimbe ukirudi au kifafa kikimwangusha. Anaposahau jina lako, mtajie tena kwa upole. Hakuchagua kulisahau.