Naitrasi oksaidi na oksijeni (tiba ya maumivu ya muda mfupi)

Naitrasi oksaidi na oksijeni ni mchanganyiko wa gesi mbili ambao mgonjwa huuvuta kwa pumzi ili kupunguza maumivu yasiyochukua muda mrefu: uchungu wa kuzaa, mfupa unaponyooshwa, jipu linapopasuliwa, kidonda cha moto kinaposafishwa, jino linapong'olewa. Unaotumika zaidi ni wa nusu kwa nusu, asilimia 50 kwa 50, ambao duniani hujulikana kwa jina la biashara la Entonox. Huu si nusukaputi. Mgonjwa hubaki macho, anasikia na kujibu, ila maumivu huwa kama ya mtu wa jirani. Makala haya yanautazama zaidi katika mazingira ya Shinyanga na Geita, mikoa ya wachimbaji, ambako majeraha yanayoihitaji dawa ya namna hii hayakauki.

Jina

Naitrasi oksaidi (N₂O), ambayo wengi huiita gesi ya kuchekesha, isichanganywe na ndugu zake wa jina. Moshi wa baruti unaobaki ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, baada ya mwamba kulipuliwa huwa na naitriki oksaidi na nitrojeni dioksaidi, na hizi ni sumu. Mchimbaji aliyezivuta anaweza kupanda juu akiwa mzima, akala, akalala, kisha usiku mapafu yake yakajaa maji. Mtu wa namna hiyo anahitaji oksijeni na uangalizi, si mchanganyiko unaozungumziwa hapa. Majina yanakaribiana kiasi kwamba kosa la kusikia kwenye simu linaweza kugharimu uhai, kwa hiyo ni heri mtoa taarifa aseme "amevuta moshi wa baruti" kuliko kutaja kemia.

Historia

Joseph Priestley aliitenga gesi hii mwaka 1772. Humphry Davy aliivuta yeye mwenyewe mara nyingi huko Bristol na mwaka 1800 akaandika kwamba huenda ingefaa katika upasuaji, lakini kwa miaka zaidi ya 40 watu waliendelea kuichezea kwenye maonyesho ya burudani. Desemba 1844 daktari wa meno Horace Wells wa Hartford, Marekani, alimwona mtu aliyevuta gesi akijiumiza mguu bila kuhisi. Kesho yake Wells alikaa kitini akang'olewa jino lake mwenyewe. Mwaka 1881 Stanislav Klikovich wa St Petersburg aliwapa wajawazito mchanganyiko wa asilimia 80 ya gesi hii na 20 ya oksijeni. Hatua iliyoifikisha kwa wakunga na magari ya wagonjwa ilikuja mwaka 1961, pale Michael Tunstall wa Uingereza alipoonyesha kwamba gesi zote mbili zinaweza kukaa ndani ya mtungi mmoja zikiwa zimechanganywa tayari. Kabla ya hapo mtu alilazimika kuchanganya kwa mashine, na mashine ikikosea, mgonjwa anakosa oksijeni.

Inavyofanya kazi

Gesi hii huyeyuka kidogo sana katika damu, na ndiyo sababu huwahi kufika kwenye ubongo na huwahi kutoka. Nafuu huanza baada ya nusu dakika hivi na kufikia kilele karibu na dakika ya pili. Mgonjwa akiacha kuvuta, dakika chache baadaye kichwa kimerudi. Hapo ndipo inapotofautiana na ketamini, ambayo humwacha mgonjwa kitandani akihitaji mtu wa kumwangalia kwa muda mrefu, na pethidini, ambayo hukaa mwilini kwa saa kadhaa.

Mwinuko nao una neno. Sehemu kubwa ya Geita na Shinyanga iko kati ya mita 1,100 na 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ukivutwa Geita hufanya kazi kama wa asilimia 43 hivi ukivutwa Tanga. Tofauti si kubwa, lakini muuguzi aliyesoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani asishangae mgonjwa akisema bado anaumia.

Ukanda wa dhahabu

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Kandokando ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo, wanaoshuka kwenye maduara yanayoshikiliwa na matimba, wanaosaga mawe kwa karasha na kuosha unga wake mialoni ili kupata dhahabu. Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji Nyangalata, Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017 watu 15 waliokolewa Nyarugusu, Geita, baada ya kukwama chini kwa siku kadhaa. Habari hizo zilisikika dunia nzima. Ambazo hazisikiki ni za kila wiki: kidole kilichobanwa na karasha, paja lililovunjwa na jiwe, mguu ulioungua kwa mafuta ya jenereta.

Katika zahanati na vituo vya afya vya ukanda huu, mchanganyiko huu si kitu cha kukuta kabatini. Mgonjwa hupokewa kwa parasetamoli, diklofenaki ya sindano au tramadoli. Mfupa hunyooshwa kwa ketamini akiwapo mtu wa kuitoa, na jino hung'olewa kwa sindano ya ganzi ya lignokaini. Anayehitaji zaidi hupewa rufaa hadi hospitali ya mkoa, au ya Bugando, Mwanza. Hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya kutoka Geita kwenda Bugando ilipitia foleni ya kivuko, na mfupa uliovunjika hausubiri kivuko kimya. Kwa safari kama hizo ndipo gesi hii ilipopata umaarufu nchi za wenzetu. Huko Uingereza gesi hii iliingia kwenye magari ya wagonjwa kufikia mwaka 1970.

Mkono wa mgonjwa

Usalama wote wa mchanganyiko wa nusu kwa nusu umejengwa juu ya jambo moja: mgonjwa anashika barakoa mwenyewe. Valvu hufunguka pale tu anapovuta pumzi. Usingizi ukimzidi, mkono unalegea, barakoa inaanguka, anavuta hewa ya kawaida na kuzinduka. Hakuna king'ora kinachoshinda ulinzi huo.

Sasa tazama hali ya wodi zetu. Mchimbaji ameletwa kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya wenzake wawili, mguu umefungwa kwa kipande cha timba na shati. Anapiga kelele. Kaka yake yuko pembeni, na kwa huruma yote anachukua barakoa na kumkandamizia usoni ili "imwingie vizuri". Kwa huruma hiyohiyo amekata ule mkono unaoanguka, ulinzi pekee uliokuwapo. Ndugu aambiwe mapema, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: "Kaka, usimshikie. Akichoka mwenyewe ndiyo imemtosha." Onyo hilo linamhusu pia muuguzi mwenye haraka, na kamba ya kufungia barakoa kichwani isitumike kabisa.

Mgonjwa huelezwa kabla, si wakati anapiga kelele. Aambiwe kwamba midomo inaweza kufa ganzi, masikio yakavuma, akahisi kizunguzungu au kichefuchefu, hata akacheka. Avute taratibu na kwa kina karibu dakika moja kabla ya mguu kuguswa, na aendelee hadi kazi iishe. Kwa mama mjamzito kanuni ni kuwahi: uchungu ukianza tu kupanda, avute, ukishuka, aache. Akingoja hadi uchungu ufike kileleni, gesi itamfikia wakati uchungu umeshaondoka. Mtoto anaweza kuitumia iwapo ana umri wa kuelewa maelezo na nguvu ya kushika barakoa. Asiyeweza, atafutiwe njia nyingine.

Asiyepaswa kupewa

Hapa ndipo ukanda wa machimbo unapoibana tiba hii. Naitrasi oksaidi huingia kwenye uwazi wowote wenye hewa iliyofungiwa mwilini kwa kasi kuliko nitrojeni inavyotoka, na uwazi huo huvimba. Mbavu zilizovunjwa na kifusi zikitoboa pafu, hewa hukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Gesi hii ikiongezwa, hewa hiyo hukua na kulikandamiza pafu hadi mgonjwa ashindwe kupumua. Kwa hiyo aliyefukiwa kifua hapewi mpaka kifua kimepimwa. Aliyeumia kichwa na kuchanganyikiwa hapewi. Mwenye tumbo lililovimba kwa utumbo kuziba au kujisokota hapewi, wala aliyewekewa gesi ndani ya jicho baada ya upasuaji, wala mlevi, wala aliyeumia uso kiasi kwamba barakoa haikai. Mchimbaji wa miaka mingi mwenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mwamba au kifua kikuu naye aangaliwe kwa makini, maana mapafu ya namna hiyo huweza kuwa na malengelenge ya hewa. Aliyekwisha kuchomwa pethidini, mofini au ketamini huweza kusinzia kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa maneno mengine, mtu anayetolewa kwenye duara lililoporomoka, yule ambaye kila mtu angetaka apunguziwe maumivu haraka, mara nyingi ndiye asiyefaa kuipata. Anayefaa ni yule wa karasha, yule wa paja, mama wa wodi ya wazazi na mtoto wa kidonda cha moto. Hao ni wengi kuliko wa maporomoko.

Liko pia suala la vitamini B12. Gesi hii huiharibu. Kuvuta kwa dakika chache hakumdhuru mtu mwenye afya, lakini anayeitumia mara kwa mara anaweza kupata upungufu wa damu na ganzi ya miguu itokanayo na uti wa mgongo kuathirika. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, huja na maumivu yanayojirudia, na ni rahisi kumpa gesi leo, keshokutwa na wiki ijayo. Mwongozo wa kawaida ni kwamba anayeihitaji zaidi ya mara moja kila siku 4 afuatiliwe damu. Mialoni kuna mtego mwingine: zebaki inayochomwa pamoja na dhahabu nayo huleta ganzi na kutetemeka, hivyo mganga anayeona miguu yenye ganzi asiridhike na sababu ya kwanza anayoikumbuka.

Mtungi

Mtungi wa gesi mbili zilizochanganywa ukipoa chini ya nyuzi joto 6 hasi, gesi hutengana, na mwisho wa mtungi mgonjwa hujikuta anavuta naitrasi oksaidi karibu tupu. Vitabu vya Ulaya hurudia onyo hilo kila ukurasa. Geita haina baridi hiyo. Adui wa mtungi huku ni joto la chini ya bati. Mtungi wa naitrasi oksaidi peke yake hubeba kimiminika, na geji yake husoma kiwango kilekile hadi kimiminika kiishe, ndipo ishuke ghafla, kwa hiyo kilichobaki hujulikana kwa mizani. Joto likipita nyuzi 36.4, kimiminika chote hugeuka gesi na shinikizo hupanda. Stoo ya bati isiyo na madirisha saa nane mchana hufika huko bila shida.

Gesi hii haiungui, lakini huchochea moto kama oksijeni ifanyavyo. Mikono yenye grisi isifungue valvu, na sigara ikae mbali. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo huzama: kuishusha kwenye duara ni kumvutisha mwokoaji kile anachotoa majeruhi, tena katika shimo ambalo huenda lina baruti. Majeruhi apandishwe kwanza.

Rangi ya mtungi isiaminiwe peke yake, lebo isomwe. Mwaka 2016 huko Sydney, Australia, mabomba yalikosewa kuunganishwa, watoto wachanga wawili wakapewa naitrasi oksaidi badala ya oksijeni, mmoja akafariki. Naitrasi oksaidi ya kuongezea magari mbio na ile ya vikopo vya kuumulia krimu si dawa. Uingereza ilipiga marufuku kumiliki gesi hii kwa ajili ya starehe Novemba 2023. Oksijeni ya kuchomelea vyuma iliyoko kwenye karakana za machimbo nayo ibaki huko huko.

Chumba na watumishi

Mgonjwa hupita, mkunga hubaki. Anayeivuta kidogo kidogo zamu baada ya zamu ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kudhurika, na kuna wasiwasi kuhusu uzazi wake na ujauzito. Madirisha mawili yanayopitisha upepo husaidia, mtambo wa kufyonza hewa husaidia zaidi, na mgonjwa atolee pumzi ndani ya barakoa. Baada ya tiba apumzike nusu saa kabla ya kushika usukani wa kitu chochote, pikipiki ikiwamo.

Kabla ya kituo kununua mtungi wa kwanza, kihakikishe kina oksijeni ya kutosha kumpa mgonjwa yeyote atakayezidiwa, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, na mtumishi aliyefundishwa atakayekaa hapo tangu mwanzo hadi mwisho. Kituo chenye mtungi mmoja tu wa oksijeni hakijafika hapo. Mtungi huo ni wa mgonjwa anayeshindwa kupumua, na mwenye jipu achomwe lignokaini.