Medali Zisizo na Majina

Mkiwa ipo njia panda, pale barabara itokayo Itigi inapokutana na ile ya Manyoni kwenda Singida. Hapa ni Unyaturu, nchi iliyozoea vita kabla ya kuona medali. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamke wa Kinyaturu, Liti, aliwakabili Wajerumani, na wazee husimulia kwamba silaha yake kuu ilikuwa nyuki. Hakuna aliyemvisha nishani. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake.

Boma la Wajerumani lilikuwa Kilimatinde, kusini mwa Mkiwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza vililiteka mwishoni mwa Julai 1916. Mwaka uliofuata Waingereza waliunda batalioni ya sita ya Keya, yaani King's African Rifles, kwa kuwaandikisha askari waliowateka kwa Mjerumani. Hivyo walikuwapo wazee waliopigana pande zote mbili.

Waliobaki kwa Mjerumani walingoja hadi 1964 Ujerumani Magharibi ikubali kuwalipa. Inasimuliwa kuwa huko Mwanza wengi hawakuwa na hati yoyote. Ili kuthibitisha kwamba walikuwa askari, walikabidhiwa ufagio, wakapewa amri za bunduki kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea.

Vita Kuu ya Pili ilichukua zaidi ya wanaume 80,000 wa Tanganyika. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kifaru, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944. Waliorudi walipata nyota za ncha sita. Nyota ya Burma ina utepe mwekundu katikati, na bluu yenye mstari wa chungwa kila upande.

Askari wa Afrika Kusini na Australia walichongewa majina kwenye nyota zao. Za Keya zilitolewa tupu.

Kisha vikaja Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda. Vilianza mwaka 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wapiganaji wengi wa vita hivyo wangali hai, na simulizi zao bado zinaweza kuandikwa.

Mwenye medali ya babu kabatini asiiuze. Aandike kwenye karatasi jina la mzee, kikosi chake, vita alivyopigana na kijiji alichotoka, kisha aihifadhi pamoja nayo. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati wapo wanaokumbuka.